Jirani Yangu Muosha Dhahabu

Nna jirani mie, na nikianza kumsema msinikate, maana namsema kwa raha. Tunakaa hapa Hamriya, Maskati, ghorofa ya pili, mlango wangu unatazama mlango wake, hatua nne katikati. Jina lake analo, lakini sisi tunaitana jirani, yeye kwangu na mie kwake, miaka yote hii. Akitangulia mmoja wetu, wallahi mwengine itabidi aulize watu jina.

Kazaliwa mtaa gani, mjukuu wa nani, hayo kawaulizeni wanaojua nasaba. Mie nnalojua ni kuwa mtu wa Unguja kama sisi, akifungua mdomo tu ushamtambua, na kwamba ni mtu wa peke yake. Mke hana, mtoto hana. Ana mtoto wa ndugu yake anakaa Madinat Sultan Qaboos, jumba zuri na bustani yake, huja siku ya Idi na kasha la halua, haketi, viatu vyake havipati hata kupoa mlangoni. Kashamwambia ami yake mara ngapi ahamie kwao. Jirani anasema atafikiri. Anafikiri tangu marehemu mume wangu yu hai.

Nami sina ubavu wa kumcheka. Watoto wangu wanne wote wamo Maskati hii hii, kila mmoja na gari yake, na Ijumaa wanakuja, wanakula, wanakaa na simu zao, mie nnasema na ukuta. Ndo nikamzoea jirani. Baada ya alasiri yeye hufungua mlango wake akaweka kiti kizingitini, nami nikafungua wangu nikaweka changu, birika la chai linakaa chini katikati. Wanaopanda ngazi wapande, waone, hatuna la kuficha wazee sisi. Mlibari, yule Muhindi wa dukani, akileta maji anatuvuka kwa adabu kama anavuka msala wa mtu.

Nlimjua kwa mchele. Harusi ya binti yangu mdogo, wanawake tumejipanga hapo ukumbini na masinia, tunachagua mchele wa biriani, na ule mchele ulikuwa na vijiwe, sijui waliuokota wapi. Macho yanatuuma. Jirani akatoka kwake, akasimama, akatutazama kama mtu anayeangalia watoto wakifunga kamba za viatu kombo. Akasema lete huo. Akatia mchele na maji katika sinia, akachutama, akaanza kulizungusha. Hafanyi nguvu. Analiinamisha kidogo, analitikisa kidogo, maji yanazunguka, mchele unajimwaga wenyewe kwenye sufuria ya pili, na mwisho wa yote vijiwe vimebaki kwenye ukingo wa sinia vimejipanga mstari, vyeusi mbele, vyeupe nyuma. Gunia zima. Wanawake tukakaa kimya, na mnajua wanawake wa harusini kukaa kimya ni khabari nyengine.

Nikamuuliza, jirani, kwani ulikuwa mpishi? Akasema, "Nlikuwa naosha mchanga." Nikacheka mpaka kanga ikanivuka kichwani. Mchanga unaoshwa wapi, na ukishaoshwa unavaa nini?

Basi kidogo kidogo, miaka na chai, nikajua. Watu wetu walipotoka Unguja baada ya mapinduzi, kila mmoja alikwenda alikopata mlango. Wengine walikuja huku, wengine Misri, yeye na mkewe wakaangukia Sudani, jangwani, kando ya Mto Nile. Wameoana hata mwaka haujatimia. Kazi alopata ni ya mashua. Barabara hazikuwapo, ukitoka mtoni ni jangwa mkono wa kulia na jangwa mkono wa kushoto, kwa hivyo unga, sukari, vitunguu, majani ya chai, kila kitu kilikwenda kwa mashua mpaka kambi za waosha dhahabu. Upepo ukifa wanashuka wanaivuta kwa kamba, watu kumi kama punda, wanatembea ukingoni juu ya mawe ya moto. Kamba ilimchora alama begani, ipo mpaka leo.

Na dhahabu yenyewe, anasema, haikuwa ya kuchimbwa mlimani kwa mabomu. Ilikuwa imo ndani ya mchanga wa makorongo makavu, ndogo kama unga wa sembe. Wanaukusanya mchanga, wanautia magunia, mashua inaubeba mpaka penye maji mapana, na hapo watu wanachutama mtoni na vyano vyao, masinia ya mti, wanaosha. Mchanga mwepesi unakwenda na maji, dhahabu nzito inabaki. Aliwatazama wiki mbili, ya tatu akaacha kamba akanunua chano. Ukishaiona mara moja inakuita, anasema, hata usingizini unaona njano.

Ana neno lake moja: "Itie kivulini." Kule mchangani mna ulanga, unamemeta kuliko dhahabu yenyewe, mgeni anaruka anapiga kelele keshatajirika. Mwenyeji anakiweka kiganja kivulini. Ulanga unazimika, dhahabu inabaki njano ileile. Basi kwake yeye kila kitu kinatiwa kivulini. Nikimwambia fulani kaposwa na kijana mzuri wa wizarani, itie kivulini. Mchezaji kafunga mabao mawili, itie kivulini. Siku moja nilivaa bangili mpya nlizoletewa na mwanangu, namringia, akasema neno lake, nikazitia kivulini kweli. Tokea siku hiyo nimempa yule mwanangu nafasi ya kujieleza na bado hajajieleza.

Mtu wa ajabu lakini. Kaishi na mashua nusu ya ujana wake na bahari hataki kuiona. Tumempeleka pwani Matrah, watoto wapate kula samaki, kakaa kaipa bahari mgongo, ati maji ya chumvi hayajui yanakokwenda. Lakini mvua ikinyesha, na huku mvua ni ya nadra, watu wanakimbia wadi, yale makorongo yanayojaa ghafla, zisiwachukulie magari, yeye anasubiri maji yapungue halafu anashuka wadini na sinia langu, langu mie, aliloazima kwangu siku ya harusi na hajanirudishia, anachutama kwenye kokoto anaosha. Suruali imekunjwa magotini, na umri ule. Polisi walimuuliza anatafuta nini. Akawaambia anatafuta kizito. Wakamtaka arudi nyumbani asije akasombwa. Anavyovipata anavitia gudulia: skurubu, vyuma vya gari, risasi za nyavu, sarafu ya Hindi. Dhahabu hajaipata hata ya kutia jichoni, na sijamuona akisikitika.

Kimoja kilikuwa kikinikera. Mikono yake. Imepasuka kama ardhi ya ukame, wakati wa baridi inatoka damu, na hataki kutia mafuta. Nimempa ya nazi, nimempa ya simsim, nimempa yale ya duka la dawa ya bei ghali, anayapokea, anasema ahsante, chupa naikuta imekaa dirishani na muhuri wake. Nikadhani ubakhili. Siku moja nikachoka, nikamwambia lete mkono huo nikupake mwenyewe, mie ni mtu mzima sina haya tena. Akaurudisha nyuma kama nimemshikisha kaa la moto. Halafu akanambia.

Waosha dhahabu hawagusi mafuta. Hawapaki kichwani, hawapaki mikononi, wakishakula wanajisugua kwa majivu. Dhahabu ile ya unga ikikutana na mafuta haizami, inaelea juu ya maji kama vumbi, inakwenda zake na mchanga, nawe umechutama unatazama chini. Yeye wakati ule hakuwa akijua. Ndo kwanza kaanza, na waliokuwa wakijua walidhani kila mtu anajua.

Na mkewe ni mwanamke wa Unguja, kalelewa vizuri. Nyinyi mnajua kwetu kinu kipya, mwiko mpya, chano kipya, unakipaka mafuta ya nazi kisipasuke. Basi kaona mumewe kaleta chano kipya, na jua lile la jangwani linapasua hata kwato za punda. Kila usiku yeye akilala, mke anakitoa chano anakipaka, anakisugua kwa kitambaa mpaka kinang'ara, anakirudisha mahala pake. Hakusema. Mtu hasemi kitu kama hicho, kazi ya nyumbani tu.

Msimu mzima jirani yangu kaosha. Wenziwe kulia na kushoto wanatoka na dhahabu, yeye anatoka na mgongo. Wakaanza maneno ya wanaume wa kambini, ati tokea aje mwanamke hapa, ati wanawake wengine wana mguu mbaya. Mara ya kwanza akawatukana. Mara ya kumi akasikiliza. Siku mashua inaondoka kuteremka, akamshika mkewe mkono akampakia, na mbele ya watu wa mashua akamwambia nimekuacha. Mkewe akauliza kwa nini. Akashuka. Akasimama ukingoni mpaka mashua ikapinda kona.

Siku nne baadaye mzee mmoja wa kambini akakiokota kile chano kutengea tende, akakinusa, akaanza kucheka. Akamuuliza, mwanangu, wewe unaosha dhahabu au unaikaanga?

Wakakisugua kwa majivu na mchanga. Kesho yake dhahabu ikakaa. Akauza chano, akateremka mto kumfuata, kumbe kaka yake yule mwanamke keshamchukua, wamekuja huku Omani, na alipokuja yeye, baada ya miaka ya kuvuta mashua kutafuta nauli, akasikia keshaolewa. Hakumtafuta tena. Utamtafutaje mke wa mtu?

Akanambia hana analolitaka duniani hapa ila jambo moja, yule mwanamke amwambie nimekusamehe, kabla hajafa yeye au hajafa yule. Analisali kila swala. Hapo nikafahamu ile mikono.

Sasa mie kunipa siri ni kama kumpa mtoto biskuti umwambie aishike tu. Nilikwenda khitma moja Seeb, wanawake wa kwetu wamejaa, nikakaa karibu na wazee wenzangu, nikauliza, jamani nani anamjua bibi mmoja alokuwa Sudani na mumewe wa kwanza. Vikombe viwili vya kahawa, nishampata. Yuko Qurayyat. Aliolewa na mtu wa hukohuko, mume kafariki, anakaa na binti yake. Miaka arubaini mwanamme anaomba kwa Mungu, na jibu lilikuwa limekaa kwenye mkeka na wanawake, linasubiri mtu aulize.

Nilirudi natamba. Nlikuwa nishamaliza yote kichwani mwangu: atasamehewa, watalia, labda hata wataoana tena, na mchele wa harusi nnaye wa kuuosha. Nikamwambia jirani, nikapeleka ujumbe kwa yule bibi kuwa tunakuja. Jirani hakulala siku tatu. Akanyoa. Akamwomba binti yangu atupeleke kwa gari, akaniomba nami niingie naye ndani, kwanza kwa heshima ya yule bibi, pili kwa sababu ya masikio yake mwenyewe, maana sikio la kulia halisikii kabisa na la kushoto linasikia likitaka.

Nyumba nzuri, mitende kando ya ukuta, harufu ya samaki wa kukaushwa. Binti wa yule bibi akatukaribisha, akamchukua binti yangu jikoni. Bibi akatoka. Mwembamba, kajitanda kanga juu ya nguo ya kimanga, anatembea kwa kushika ukuta. Akasalimia kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, karibuni, starehe. Walizungumza magoti yao. Walizungumza sukari, yeye anayo na jirani hana. Walizungumza bei ya jodari. Mie nnasubiri, nimeuma ulimi mpaka unaniuma.

Mwisho yule bibi ndo alosema. "Nimeambiwa una neno."

"Nimekuja unisamehe," jirani akasema.

"Nikusamehe nini?"

"Kukuacha vile."

Yule bibi akatabasamu, tabasamu zuri la mtu alotua mzigo zamani. Akasema hilo lilishakwisha moyoni mwake. Alijua tokea siku ileile kuwa kuna mwanamke mwengine, yule muuza kahawa wa soko la chini ya mto, mrefu, mwenye mapete, wanaume wote wa mashua walikuwa wakimtazama. Alilia mwaka mmoja, halafu akasema wanaume ndo walivyo, akaolewa, akazaa watano. Alisema kwa upole tu, kama anampa mtu maji.

Na mie nikaomba moyoni, Yarabi mfunge mdomo huyu mtu. Akubali tu mwanamke wa kahawa, aseme ndiyo, nilipotea, tunywe kahawa twende zetu. Lakini yeye ni mtu wa kutia vitu kivulini.

"Hakukuwa na mwanamke," akasema.

Akamwambia yote. Chano, mafuta, dhahabu inayoelea, maneno ya kambini, mguu mbaya. Kainamisha kichwa anaongea na magoti yake, hakuona uso wa yule bibi unavyobadilika. Mie niliuona. Uso ulirudi ujana, na ujana ule ulikuwa na maumivu.

Yule bibi akasema, polepole, ananitazama mie, si jirani.

"Mafuta yale alikamua mama yangu. Chupa moja ndo nlotoka nayo nyumbani, na mama sikumuona tena. Nywele zangu zilikuwa zinakatika kwa lile jua, sikuzitia hata tone. Nikatia chano chake."

Akashika ukuta akasimama. Na sauti ikawa ndogo hata mie nilisogea kumsikia.

"Bora angekuwapo huyo mwanamke."

Akaingia ndani. Hakutoka tena. Binti yake akaleta kahawa na tende, akamuombea mama yake udhuru, kachoka, sukari yake hiyo. Tukanywa. Tende ile nimeitafuna mpaka leo haijashuka.

Garini jirani kakaa mbele, mie nyuma, binti yangu anaendesha. Tumepita ile milima myeusi. Halafu akageuza kichwa, akaniletea lile sikio la kushoto.

"Jirani, mwisho kasemaje? Sikumsikia."

Mie watu wananijua kwa maneno. Harusini mie, msibani mie, hadithi za watoto mie. Sijawahi kuyatafuta maneno nikayakosa, na siku hiyo pia yalikuja, yamekuja yenyewe, mazuri, yamepangika.

"Kasema nimekusamehe, duniani na akhera, kutoka moyoni, na Mungu akuandikie mema."

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo, jirani."

Akavuta kilemba akajifunika uso. Binti yangu naye akaanza kulia, masikini, hakuwamo ndani, hajui kitu. Ikabidi asimamishe gari pembeni. Wamelia wawili wao, mie nimekaa nyuma nimeshika mkoba.

Jirani kamwambia imamu. Kamwambia mtoto wa ndugu yake, akaja siku isiyo ya Idi, akakaa mpaka magharibi. Anakula vizuri. Mlibari wa dukani ananambia mzee siku hizi anacheka. Nami nimempigia simu yule bibi mara tatu, namwomba, namsihi, neno moja tu. Mara mbili kapokea binti. Mara ya tatu kapokea mwenyewe, kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kasema, "Mwambie bado nnafikiri." Akakata. Hilo sikumwambia jirani. Simwambii mtu, nawaambia nyinyi.

Kila siku baada ya alasiri tunaweka viti, tunaweka birika. Tunazungumza mvua, tunazungumza watoto. Halafu anasogeza kiti kidogo, ananiletea sikio lake, anasema, jirani, hebu nambie tena alivyosema. Nami namwambia.

Alkhamisi iliyopita nlikuwa na homa, sauti imenikauka, nikayasema harakaharaka nipate kwenda kulala. Akanyanyua kidole.

"Umeruka, jirani. Kasema duniani na akhera."

"Kweli," nikamwambia. "Kasema."

"Basi anza mwanzo."

Nikaanza mwanzo.